Uzi: Kufundisha maigizo ya papo kwa papo bila kila igizo kuishia kwa mlevi na mganga

Mwl_Jukwaani
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa walimu wa sanaa za maonesho na wale mnaosimamia klabu za maigizo mashuleni, wengine pia karibuni ila msije na matusi.

Kuna kitu nakiona kila Form One wakiingia. Unawaambia leo tunaigiza papo kwa papo, hakuna kukariri, wawili wawili mbele. Hapo utaletewa mlevi. Asipokuwa mlevi ni mganga wa kienyeji, asipokuwa mganga ni mama mkwe na mkamwana, au tajiri anamfokea hausigeli. Sauti juu, mikono hewani, darasa linacheka, dakika mbili nyingi wote wamekwama wanatazamana alafu mmoja anaanguka anajifanya kazimia ili mambo yaishe. Walimu wengi wakiona hivo wanasema hawa watoto hawana ubunifu. Mi nakataa kabisa. Ubunifu wanao, ila tumewapa jukwaa tupu na amri ya kuchekesha, na mtu akiambiwa achekeshe ghafla anashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni kile alichokiona kwenye TV jana usiku.

Kwa hiyo mi siku hizi sianzi na kisa. Naanza na kazi ya mikono. Wawili wakae chini wachambue mchele ambao haupo. Ungo haupo, mchele haupo, mawe hayapo, lakini nataka niyaone. Sharti ni moja tu, wasiongelee mchele. Waongee kitu kingine chochote ila mikono isisimame. Au wawili wanabadilisha tairi la daladala jua kali abiria wanasubiri. Au wanakunja shuka kubwa. Yani ukishajua nani, yuko wapi na anafanya nini, maneno yanakuja yenyewe na yanakuja kwa sauti ya kawaida, sio ile sauti ya "mke wangu we mkee wanguu" ambayo hakuna binadamu anaongea hivo nyumbani kwake.

Hii sio yangu, mwenye nayo ni mama mmoja wa Chicago, Viola Spolin. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa hoi na serikali yao ilikuwa inaajiri watu kwenye miradi ya umma ya WPA, yeye akapewa kuendesha maigizo kwenye mitaa ya wahamiaji. Watoto wa kila taifa, Kiingereza cha kubabaisha, angeanza kuwapigia lekcha za uigizaji nani angemwelewa? Akawapa michezo. Kabla ya hapo alishapita mikononi mwa Neva Boyd pale Hull House, nyumba ya huduma za jamii hukohuko Chicago, mama mwingine aliyeamini mtoto anajifunza kwa kucheza. Kila mchezo wa Spolin una kitu kimoja cha kushughulikia, na akili ikishashikwa na hicho kitu woga unakosa pa kukaa. Mwanae Paul Sills ndo mmoja wa walioanzisha Second City mwaka 1959, kile kikundi maarufu cha vichekesho cha Chicago, na mama mwenyewe michezo yake ikatoka kwenye kitabu mwaka 1963. Yani wachekeshaji wakubwa wote wale wa Marekani waliopita pale, mzizi ni michezo ya watoto wa mtaani.

Nyie mnafanyaje huko? Nawasilisha.

ngoja_waje
Napita tu, nitarudi na chai.

Chaki_Vumbi
Mleta mada umeongea vizuri ila umeongea kama mtu mwenye wanafunzi 20. Mi nina mkondo una watoto zaidi ya 80, kipindi dakika 40, wawili wawili mbele hao wengine 78 wanafanya nini? Wanatukana kwa chinichini na kuchora kwenye madaftari. Nipe mbinu ya darasa langu sio ya Chicago.

Mwl_Jukwaani
@Chaki_Vumbi swali la maana hilo. Jibu fupi ni kwamba wiki za kwanza hakuna "mbele". Hakuna watazamaji kabisa. Wote 80 wanacheza kwa wakati mmoja, wawili wawili, popote walipo. Madawati sukuma ukutani, au toka nje chini ya mti. We unatembea katikati unasemea pembeni huku wao wanaendelea, bila kuwasimamisha. "Ungo una uzito huo!" "Jua liko wapi?" "Usinieleze, nionyeshe!" Wasikuangalie, wasikujibu, waendelee tu. Ndivyo Spolin alivyokuwa anafanya, kwake mwalimu anacheza na wao, hakai na rula anasubiri wakosee.

Faida yake kubwa ni kwamba yule mwoga hana wa kumcheka maana kila mtu yuko bize na mchele wake. Watazamaji walete taratibu, nusu darasa wacheze nusu watazame, na wanaotazama wape kazi, waambie meza ilikuwa wapi? nani kapita katikati ya meza? Aisee utashangaa watoto wanavyokuwa wakali, "madam yule kapitisha mguu kwenye jiko!"

Hesabu_ni_Tamu
Nyie ndo mnatuharibia vipindi. Mi nafundisha Hesabu chumba cha pili kutoka kwa mwalimu wa maigizo, nikiandika equation ubaoni nasikia watoto 80 wanabadilisha tairi la daladala na konda anapiga debe. Mwenyezi Mungu anawaona.

Chaki_Vumbi
😂😂😂 konda alikuwa na kipaji lakini

Binti_wa_Likoni
Habari zenu, mimi niko Mombasa, nafunza drama high school. Huku Kenya mambo yetu mengi yameshikwa na ile festival ya shule na vyuo, yaani mtoto anakariri play moja miezi na miezi, adjudicator (jaji) anakuja, mnapanda kutoka kaunti hadi region hadi nationals, kwa hivyo impro, hii papo kwa papo yenu, inabaki kuwa warm up ya dakika tano kabla ya rehearsal. Sasa na mtaala wa CBC kuna somo la Theatre and Film senior school nafikiri itabidi tuiheshimu kiasi.

Lakini nataka niongezee kitu kwa mleta uzi. Kazi ya mikono ni sawa lakini shida yangu mimi kubwa ni kukataana. Mmoja anaingia anasema "Mama nimeleta samaki." Mwenzake anajibu "Mimi si mamako na hao si samaki." Darasa linakufa kwa kicheko na scene inakufa pia. Na watoto wetu ni wakali kwa hiyo kazi maana wamelelewa kwa mchongoano, ule mchezo wa kurushiana maneno ya kuchekana, mshindi ni yule anayemnyamazisha mwenzake. Kwa mchongoano sawa, hiyo ndiyo sheria yake. Lakini kwa jukwaa ukimnyamazisha mwenzako umebaki peke yako, utafanya nini sasa?

Keith Johnstone, yule mwalimu wa maigizo wa ukumbi wa Royal Court London aliyehamia Calgary Kanada, alikuwa na maelezo mazuri kuhusu hii. Mtu anakataa kwa sababu anaogopa, akikataa anabaki na usukani hata kama gari imesimama. Huyohuyo ndiye alianzisha Theatresports 1977, timu mbili zinashindana kuimprovaizi na majaji wanatoa alama kama mechi. Mimi nilitumia hiyo mechi na wanangu wa Form Two, ilikuwa kelele kubwa lakini kwa wanaopenda mashindano kama hawa wetu inashika haraka sana. Sheria niliyoongeza ni kwamba ukimkataa mwenzako timu yako inapoteza pointi. Wiki hiyo samaki walikubaliwa na kila mama.

Mzee_wa_Skripti
Samahani kama nitawakera ila hii kitu mnayoisifia ndo imeua filamu zetu. Tumekaa miaka mingi tunatazama muvi ambazo mtu anaambiwa asubuhi kwenye seti "we unamgombeza mkeo, we unalia, haya kamera!" Matokeo yake scene ya dakika saba watu wanarudia sentensi moja, "kwa nini umenifanyia hivi, kwa nini lakini, nakuuliza kwa nini". Hiyo ndo papo kwa papo. Watoto wafundishwe kusoma tamthiliya, washike maneno ya mwandishi, nidhamu. Mambo ya kubwabwaja tuachane nayo.

Mwl_Jukwaani
Mzee shikamoo. Hapo kwenye "kwa nini umenifanyia hivi" nakuunga mkono mia, na mi ndo nakimbia hicho hicho. Ila angalia, yule mwigizaji alipewa hisia, hakupewa kazi. Ameambiwa lia. Hajaambiwa yuko wapi wala mikono yake inafanya nini, unategemea nini?

Na ukumbuke historia yetu wenyewe. Wale waliokuwa wanajaza kumbi za Dar miaka ya 80 na 90, vikundi vya sanaa kama Muungano, TOT na wenzao, maigizo yao mengi hayakuwa na karatasi. Kisa kinapangwa, nani anaingia lini kinajulikana, maneno wanayaunda jukwaani. Na watu walikuwa wanalipa kiingilio usiku mzima, ngoma, taarab, vichekesho, igizo. Wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wanakaa pamoja kila siku, mwenzake akivuta pumzi anajua anataka kusema nini. Kisa bila skripti kinataka mazoezi mengi zaidi ya kisa chenye skripti, watu wa muvi walichukua ile sehemu ya kutokuandika wakaiacha ile ya mazoezi.

Mzee_wa_Skripti
Marahaba. Hilo la mwisho nimelikubali. Lingine bado.

Lushois_243
Bonjour wote. Mimi mtu wa Lubumbashi, nitajikaza niandike Kiswahili bora, musinicheke. Mwalimu anasema kweli. Huku kwetu iko grupe ya Mufwankolo, wazazi wetu wote wanaijua, radio na televizyo, wanacheza mu Kiswahili yetu ya Lubumbashi. Hawa hawaandike tekste. Mwaka 1986 kulikuwa professa mmoja Johannes Fabian, aliuliza kuhusu usemi kwamba madaraka yanaliwa mazima, hayagawanywe, na hawa wakaamua kutengeneza igizo juu ya ule usemi. Wakakaa, wakabishana, mutu anasema mimi nitakuwa chef (mutawala), mwingine anasema hapana chef hawezi kuongea vile, wanajaribu, wanabadilisha, mupaka igizo linasimama. Yeye alirekodi mazungumuzo yote na mwaka 1990 akatoa kitabu. Kama mwalimu unataka kujua namna watu wanatengeneza igizo bila kuandika, na mu Kiswahili, iko mule. Musiende Chicago tu.

Binti_wa_Likoni
@Lushois_243 asante sana, sikuwa nayajua haya kabisa. Na hiyo ya kubishana "chef hawezi kuongea vile" ndiyo lesson yenyewe.

Mwl_Jukwaani
Lushois umenipa kitu. Na umenifikisha kwenye zoezi ambalo mi nalipenda kuliko yote, hilo la "chef hawezi kuongea vile". Johnstone aliyetajwa hapo juu alikuwa anawaambia waigizaji wake wajiweke juu kidogo au chini kidogo ya mwenzao. Kidogo tu. Sio mfalme na mtumwa. Kwake Uingereza ilibidi afanye mambo ya kushika kichwa kisitikisike, kukodoa macho nk ili watu waone nani yuko juu. Sisi tuna shikamoo!

Zoezi liko hivi. Wawili. Mmoja yuko ofisini au dukani au kibarazani, mwingine anaingia. Salamu alafu ombi moja, anakopa elfu tano. Basi. Usiwaambie nani mkubwa. Sasa kaa utazame. Nani kaanza kusalimia? Shikamoo imetoka mlangoni au mpaka amefika karibu? Marahaba imekuja mara moja au imecheleweshwa wakati mtu anamalizia kuandika? Imekuja na macho au bila macho? Kuna kijana mmoja alijibu "marahaba" huku anahesabu hela za kufikirika, hakuinua kichwa, darasa zima likaguna "mmmmh" na elfu tano hata haijaombwa bado.

Alafu geuza. Mzee anaomba kazi kwa bosi kijana wa umri wa mwanae. Nani anatoa shikamoo? Hapo ndo patamu maana hakuna jibu sahihi, kijana akiitoa anashuka, asipoitoa mzee anaumia na akiumia haonyeshi. Nimeona wanafunzi ambao siku zote ni wa kupayuka wanakaa kwenye hiyo scene kwa kunong'ona. Hakuna aliyewaambia wanong'one. Na hakuna mlevi.

Ukitaka ikolee, mwambie aliye chini apande taratibu bila kubadilisha adabu. Aendelee kusema "ndiyo mzee, sawa mzee" lakini mpaka mwisho yeye ndo ameshika mambo. Hiyo wanaijua wote, wamewaona mama zao wakiifanya.

Binti_wa_Likoni
Hii naiiba. Pwani itafanya kazi vizuri, lakini nikiwa na wanafunzi wa kutoka Nairobi shikamoo si yao, wanaitoa kama kitu cha kitabuni. Kwao nafikiri nitatumia "sasa" na "poa". Ukimwambia mkubwa wako "sasa" umemvuta chini kwako, na akijibu "habari yako" amepanda tena. Na mikono pia, kuna mtu anakusalimia huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia, na mwingine anakupa vidole viwili tu.

Mpare_Asili
Mnahangaika na wazungu wakati watani wapo 😂 Nendeni msibani. Marehemu yuko ndani, watu wanalia, mtani anaingia kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anadai madeni kama marehemu, anamuuliza mjane mbona leo hukuniwekea maji ya kuoga. Mjane mwenyewe anacheka na machozi yake. Hiyo hakuna aliyeandika skripti na ukikosea pale unapigwa. Nawajua Wachaga, wakija kwetu wanaanza na kuuliza bei ya jeneza, alafu wanalalamika ni ghali.

Kibosho_Juu
Kwani uongo, lilikuwa ghali. Na nyie mlikuwa mnataka kulikopa.

Mwl_Jukwaani
😂😂 Nyie ndo mfano hai, sina la kuongeza. Ila kwa walimu, tahadhari moja hapa. Utani wa msibani una mipaka ambayo kila mtu pale anaijua, anayetaniwa anajua huyu ni mtani wangu. Darasani hiyo mipaka haipo mpaka uiweke we. Kwangu hakuna kuigiza mwanafunzi mwenzio aliyepo, hakuna kumwigiza mtu kwa kilema chake, kabila la mtu sio kichekesho cha kurushiana kwa watoto wasio na huo utani. Na kuna neno la kusimamisha, mtu yeyote akisema "simama" wote wanaganda na hakuna kuulizwa kwa nini. Kugusana pia, mnakubaliana kabla.

mama_Junior_Tbr
Mi swali langu ni lugha. Shuleni kwetu Kiingereza ndo sheria, ukikamatwa unaongea Kiswahili unachapwa au unavaa kibao. Sasa wakiigiza kwa Kiingereza wanasimama kama askari wa gwaride, "Good morning my father. I am coming from school." Nifanyeje?

Mwl_Jukwaani
Omba ruhusa kwa mkuu, mwambie kipindi hiki tunajifunza kuigiza, Kiingereza kina kipindi chake. Akikataa, ondoa lugha kabisa. Waigize kwa lugha isiyo lugha, "bara kuta shelemba fuu", sauti tu. Spolin naye alilitumia sana zoezi la namna hiyo. Mtu akinyimwa maneno inabidi amtazame mwenzake usoni, hana pengine pa kushika.

Binti_wa_Likoni
Na kuna version tamu sana ya hiyo. Mgeni rasmi anahutubia kwa lugha isiyo lugha na mwingine anamtafsiria kwa Kiswahili. Kila mtoto amewahi kusimama kwa crusade akaona mhubiri wa nje na mkalimani wake, anajua mwendo wote, mhubiri akiruka mkalimani anaruka. Siri yake ni kwamba mkalimani hawezi kupanga chochote mbele, lazima asubiri apewe. Na mgeni lazima asikie tafsiri aendelee kutoka hapo. Yule msichana wangu wa kimya kabisa, wa nyuma dirishani, alikuwa mkalimani. Mgeni aliongea dakika nzima mikono juu jasho linamtoka, alipomaliza msichana akasema "Anasema asanteni." Hakuna mtu alibaki kwa kiti.

Mzee_wa_Skripti
Hiyo ya "anasema asanteni" nimecheka peke yangu hapa kwenye mwendokasi, watu wananiangalia. Haya, swali la kweli sasa sio ubishi. Mnasahihishaje? Tamthiliya naweza kumuuliza dhamira, wahusika, mandhari. Hii unampa mtu 7 kwa 10 kwa lipi?

Mwl_Jukwaani
Mzee karibu ndani. Mi siwapi alama za kuchekesha, nilishawaambia wazi mwanzo wa muhula. Naangalia alichopewa na mwenzake kama alikitumia. Mwenzake kasema "hilo bega bado linauma?" je bega limeuma mpaka mwisho au limepona ghafla? Naangalia mahali, mlango ulikuwa kushoto, umetokea upande gani? Na naangalia kama alimwacha mwenzake aongee. Kuna watoto wana vipaji vikubwa wanapata alama ndogo hapo maana wanacheza peke yao, na wanakasirika kweli, wazazi wengine wanapiga simu. Alafu nawaandikisha aya moja baada ya igizo, niambie mwenzako alitaka nini. Sio we ulitaka nini. Hiyo aya inanionyesha nani alikuwa anasikiliza na nani alikuwa anasubiri zamu yake.

Ile ya Augusto Boal, mtu wa maigizo wa Brazil, kwamba mtazamaji anasimamisha igizo anaingia anachukua nafasi ya mwenye shida anajaribu njia yake, hiyo siipi alama kabisa. Hapo mnajadili maisha yao, binti anamkatalia mwalimu anayemtaka, mtoto anazuiwa shule. Ukiweka alama watakuletea jibu unalotaka kulisikia.

Chaki_Vumbi
Swali la mwisho nikajaribu. Wanamalizaje? Wangu wakianza hawajui kuacha, wanazunguka mpaka wanarudi kwenye kuzimia.

Mwl_Jukwaani
Usiwaachie wao. Mwanzoni we ndo unakata, piga makofi mara moja, wanaganda, asanteni kaeni. Kata mapema, wakati darasa bado linataka, sio wakati limechoka. Baadae mpe mwanafunzi mmoja wa pembeni hiyo kazi ya kukata, na kila siku abadilike, utaona wanavyoanza kunusa wenyewe kwamba hapa imetosha. Njia nyingine, mmoja lazima atoke jukwaani kwa sababu ya kweli, amemaliza tairi, ameitwa, amepata hiyo elfu tano au ameikosa. Akitoka imeisha.

Na ikitokea kengele imelia wakati wawili wako katikati ya kitu kizuri, waache wamalizie. Mwalimu wa Hesabu atasubiri dakika mbili mlangoni.

Hesabu_ni_Tamu
Sisubiri.